Haki ya Mama: Khabari za Bibi Asma binti Abubakar na Wasia kwa Wanaume wa Mitaa Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika tumbo la mama yake, akampa riziki yake humo kabla hajawa na mkono wa kuichumia wala ulimi wa kuiombea. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyefiwa na mama yake naye ni mtoto mdogo, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, sikukusudia kuandika waraka huu. Nilikwisha kuweka tayari maneno juu ya jambo jingine, na mpiga chapa alikuwa akiyangoja. Lakini limetokea mtaani kwetu jambo lililonifanya niyaweke kando yale, kwani mtu huandika lile linalomwuma kabla ya lile linalompendeza.

Mwezi uliopita alifariki mama mmoja mzee katika mtaa wetu. Jina lake sitalitaja, kwani mwenyewe katika uhai wake hakupenda kutajwa. Alikuwa mjane tangu ujana wake. Mumewe alimwachia watoto watano na nyumba ya udongo, asimwachie shamba wala duka. Basi akasuka mikeka, akapika maandazi na mikate ya kumimina ya kuuza alfajiri, akawalea wale watano hatta wote wakahitimu Kurani, wakaoa na kuolewa. Na juu ya kazi hiyo aliifanya nyingine isiyokuwa na ujira, nayo ni kuosha maiti wa kike. Kwa muda wa miaka zaidi ya arubaini hakufa mwanamke mtaani kwetu, awe tajiri au maskini, mwenyeji au mgeni, illa mama huyu alibishiwa hodi, akaondoka na taa yake mkononi, ijapokuwa ni usiku wa manane au mvua ya masika. Akipewa chochote hununua sabuni, pamba na kafuri, akaviweka kwa ajili ya maiti ajaye ambaye jamaa zake hawana kitu. Na siku zisizokuwa na maiti alikuwa akikaa na wagonjwa, akiwahudumia waliojifungua, na kuwasomesha wasichana juzuu uani kwake.

Alifariki kabla ya alfajiri. Tuliposali alfajiri tulipewa khabari, tukaenda kukaa juu ya mikeka mbele ya nyumba yake kama ilivyo desturi. Kaburi likachimbwa, jeneza likaletwa kutoka msikitini, sanda ikanunuliwa. Jua likapanda, na maiti hakutolewa. Likafika kichwani, na maiti hakutolewa. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti ndogo, na wengine wakanung'unika kwamba wanawake wanachelewesha. Hatta akatoka mwanawe mkubwa, akasimama mlangoni, akatuambia kwamba hakuna mwanamke wa kumwosha mama yake. Bibi mmoja aliyekuwa akimsaidia zamani yu kitandani, hawezi kusimama. Wa pili amehamia mbali kwa watoto wake. Wanawake waliojaa mle ndani wote wanalia, wala hapana hatta mmoja ajuaye kazi ile. Wametuma mtu mtaa wa pili kumtafuta mwosha, naye ametoka, na sasa wanangoja arudi.

Wallahi, tulinyamaza kimya. Mikono ile iliyowaosha mama zetu na dada zetu na wake zetu kwa miaka arubaini ililala pale ikingoja wa kuiosha, na sisi wanaume wa mtaa mzima tumekaa mikekani tukihesabu saa.

Nami ninayeandika haya nina fungu langu katika aibu ile, na si haki kuwalaumu wengine nikajificha. Yapata miaka miwili kabla ya kufa kwake, mama yule alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia, alisimama nje kwa adabu yake, akamtuma mtoto aniambie kwamba amekuwa mzee, macho yake yamepungua, na anaomba binti yangu awe akifuatana naye ajifunze kuosha. Nikamjibu kwamba binti bado mdogo na kwamba ataogopa. Hayo niliyasema kwa ulimi, lakini moyoni mwangu palikuwa na neno jingine, nalo ni kwamba sikupenda wachumba wasikie kuwa binti yangu ni mwosha maiti. Kisha nikatoa fedha kidogo, nikampa yule mtoto ampelekee, kana kwamba mama yule amekuja kuomba. Mtoto akarudi nazo. Alisema bibi anashukuru, lakini hakujia hizo.

Siku ile juu ya mkeka ndipo nilipoyaelewa maneno yale: hakujia hizo. Basi nikarudi nyumbani, nikafungua vitabu kutazama khabari za wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.), nikasimama mbele ya maisha ya Bibi Asma binti Abubakar (R.A.), nikaona kwamba Mwenyezi Mungu ameviweka pamoja kwake vitu ambavyo sisi tumevitenga: umama na utumishi wa watu, heshima na kazi ngumu, sitara na kutoka kwenda kutenda kheri. Nitawasimulia khabari zake kwa mukhtasari, kisha nitarejea kwenye wasia wangu.

Bibi Asma alikuwa binti wa Sayyidna Abubakar Siddiki, na dada yake Bibi Aisha kwa baba, akimzidi kwa miaka yapata kumi. Mama yake ni Qutayla binti Abdul-Uzza. Alisilimu mapema sana Makka, hatta imesemwa alikuwa mtu wa kumi na nane. Mtume (S.A.W.) alipohama kwenda Madina, mwaka 622 wa Miladi, akajificha pamoja na Sayyidna Abubakar katika pango la mlima Thaur, Bibi Asma ndiye aliyewatengenezea chakula cha safari. Alipotaka kukifunga hakuona kamba, akauvua mshipi wake wa kiunoni, akaupasua vipande viwili na kufungia. Kwa hiyo akaitwa Dhatu Nnitakaini, maana yake mwenye mishipi miwili. Wakaja wakubwa wa Makureshi nyumbani, miongoni mwao Abu Jahli, wakamwuliza baba yake yuko wapi. Akasema hajui. Abu Jahli akampiga kofi la shavu hatta kipuli chake kikaanguka. Wala siri haikutoka kinywani mwake.

Na Sayyidna Abubakar alikuwa amechukua mali yake yote, dirhamu alfu tano au sita, asiache kitu nyumbani. Babu yao, mzee Abu Quhafa, alikuwa kipofu, akaja akiwahuzunikia wajukuu kwamba baba yao amewaacha na kuwaacha mikono mitupu. Bibi Asma akakusanya mawe, akayaweka katika shubaka ambalo baba yake alikuwa akiwekea fedha, akayafunika nguo, akaushika mkono wa babu yake na kuuweka juu yake. Mzee akadhani ni fedha, moyo wake ukatulia. Tazameni basi: nyumba haina kitu, baba yu hatarini, shavu lake bado linauma kwa kofi, na msichana huyu anafikiri jinsi ya kumtuliza mzee asilale na wasiwasi.

Akaolewa na Zubeir bin Al-Awwam, mtoto wa shangazi yake Mtume, na mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Bibi Asma mwenyewe amesimulia, na khabari yake imo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Zubeir alipomwoa hakuwa na mali yoyote duniani isipokuwa farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Yeye Asma, binti wa tajiri wa Makka, alikuwa akimlisha farasi, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi, na kukanda unga. Wala hakuona haya kusema kwamba hakujua kuoka mkate vizuri, na kwamba majirani zake wanawake wa Kiansari ndio waliokuwa wakimwokea, akawasifu kuwa walikuwa wanawake wa kweli. Na alikuwa akitoka kwenda katika shamba ambalo Mtume (S.A.W.) alimpa Zubeir, kiasi cha theluthi mbili za farsakh, ambayo ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu, akirudi na kokwa za tende kichwani kwa ajili ya chakula cha wanyama.

Siku moja alikutana njiani na Mtume (S.A.W.) akiwa pamoja na kundi la Maansari. Mtume akamwita, akampigisha magoti ngamia wake ili ampakie nyuma yake. Bibi Asma akaona haya kwenda pamoja na wanaume, akaukumbuka wivu wa Zubeir, kwani alikuwa katika watu wenye wivu mwingi kabisa. Mtume akalifahamu hilo, akaenda zake. Aliporudi nyumbani akamweleza mumewe. Zubeir akamjibu, akaapa, kwamba kumwona akichukua kokwa zile kichwani kulikuwa kuzito zaidi kwake kuliko kama angalipanda pamoja na Mtume. Hatta baadaye Sayyidna Abubakar akampelekea mtumishi wa kumtazama farasi, na Bibi Asma akasema kwamba ilikuwa kama kwamba baba yake amempa uhuru.

Enyi wanaume, simameni hapa kidogo, kwani humu mna mambo mawili ya kutufaa. La kwanza ni kwamba Zubeir, pamoja na wivu wake mwingi, hakumzuilia mkewe kutoka kwa haja yake naye yu katika sitara na heshima. Basi sisi wivu wetu tumeupata kwa nani, hatta ukapita wa Zubeir, hatta tukawazuilia wake zetu wasiende kumwosha jirani aliyekufa nyumba ya pili? La pili ni kwamba Zubeir aliuona mzigo. Mzigo ulikuwa kichwani mwa mkewe, lakini uzito wake ulikuwa moyoni mwake. Wangapi katika sisi tumeishi na mama zetu miaka thelathini wala hatukuuona mzigo wao hatta mara moja? Tumeiona sahani imejaa, hatukuuona mkono uliopika. Tumeiona kanzu imefuliwa na kupigwa pasi, hatukuuliza mgongo wa aliyefua unauma au hauumi.

Bibi Asma alihama naye ana mimba, akamzaa mwanawe Abdallah huko Kuba, naye ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa Wahajiri katika Madina. Mtume (S.A.W.) akamweka mapajani, akatafuna tende na kumtia kinywani, na cha kwanza kilichoingia tumboni mwa mtoto yule kikawa ni mate ya Mtume. Akazaa na wengine, miongoni mwao Urwa, aliyekuja kuwa mmoja katika mafakihi saba wa Madina, na kwa njia yake zimetufikia hadithi nyingi za Bibi Aisha. Asikudanganye mtu kwamba mama afanyaye kazi za watu hana wakati wa kulea. Mama huyu alilisha farasi, akachukua kokwa kichwani, na katika nyumba yake akatoka amiri na akatoka mwanachuoni.

Wala wema wake haukukaa nyumbani mwake tu. Mtume (S.A.W.) alimfundisha atoe wala asifungie wala asihesabu, Mwenyezi Mungu asije akamfungia na yeye. Akalishika neno lile umri wake wote. Mwanawe Abdallah amesema hakuona wanawake wakarimu kuliko mama yake na khale yake Bibi Aisha, ila ukarimu wao ulitafautiana: Bibi Aisha alikuwa akikusanya kitu juu ya kitu kisha akakigawa, ama Bibi Asma hakuwa akiweka kitu kwa ajili ya kesho. Na wanawake wenye homa walikuwa wakiletwa kwake, akichukua maji akiwamiminia kifuani, akieleza kwamba Mtume aliamrisha homa ipozwe kwa maji. Nyumba yake ilikuwa mahali pa kukimbiliwa.

Na haki ya mama yake mwenyewe aliijua. Qutayla hakusilimu. Katika muda wa mapatano baina ya Mtume na Makureshi, yaliyofanywa mwaka 628, alikuja Madina kumtazama binti yake, akitumai wema wake. Bibi Asma hakumkaribisha kwa fikira zake wala hakumfukuza kwa fikira zake; alimwuliza kwanza Mtume (S.A.W.), akaamrishwa amuunge mama yake. Na wanachuoni wameitaja khabari hii pamoja na aya ya nane ya Sura Al-Mumtahina, ambamo Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Ndugu yangu, ikiwa mama mshirikina ana haki ya kuungwa, yuko wapi mama yako Mwislamu, aliyekufundisha Alhamdu? Umemwona lini mara ya mwisho?

Bibi Asma akaishi hatta akawa na umri wa karibu miaka mia. Mjukuu wake Hisham bin Urwa amesimulia kwamba alifikia miaka mia bila kung'oka jino wala kupotewa na akili, ila macho yake yalikwisha. Na mtihani wake mkubwa aliwekewa mwisho. Mwanawe Abdallah alishika utawala Makka kwa muda wa yapata miaka tisa, kisha Abdul-Malik bin Marwan akampeleka Hajjaj bin Yusuf, akauzingira mji zaidi ya miezi sita na kuupiga kwa manjaniki. Watu wa Abdallah wakamkimbia. Amiri yule, mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini, akaenda kwa mama yake kipofu kutaka shauri. Bibi Asma akamwambia kwamba yeye ndiye aijuaye nafsi yake: akijua yuko katika haki, basi na aendelee, kwani wenzake wamekwisha kufa juu yake, na akiwa aliitaka dunia, basi yeye ni mja mwovu, amejiangamiza nafsi yake na waliouawa pamoja naye. Abdallah akasema anakhofu watamfanyia vibaya akisha kufa. Akamjibu kwamba mbuzi akisha kuchinjwa haumii kwa kuchunwa. Akamkumbatia kumuaga, mkono wake ukagusa deraya, akamwuliza ni ya nini. Akasema ameivaa ili kumtia nguvu yeye mama yake. Akamwambia haimtii nguvu. Basi akaivua, akatoka, akapigana hatta akauawa, mwaka wa 73 wa Hijra, nao ni mwaka 692 wa Miladi.

Hajjaj akamtundika maiti. Akamwita mama yake aje, naye akakataa kwenda. Ikambidi Hajjaj aje mwenyewe, akamwuliza amemwonaje alivyomfanyia adui wa Mungu. Bibi Asma, kizee asiyeona, akamjibu usoni kwamba amemharibia mwanawe dunia yake, na mwanawe amemharibia yeye akhera yake. Kisha akamweleza jina lake la mishipi miwili, ambalo Hajjaj alikuwa akilifanyia dhihaka, kwamba mmoja alifungia chakula cha Mtume (S.A.W.) na baba yake, na wa pili ni ule ambao mwanamke hana budi nao. Hajjaj akaondoka bila jibu.

Na sasa, ndugu zangu, nafika kwenye jambo lililonifanya niichague khabari hii katika zote. Wapokezi wamesimulia kwamba Bibi Asma alimwomba Mwenyezi Mungu asimfishe mpaka aletewe mwanawe, amtie manukato na kumkafini. Maiti akateremshwa, akaletewa. Na mama yule, mwenye umri wa miaka mia na macho yasiyoona, akamtia manukato kwa mkono wake mwenyewe, akamvika sanda. Mkono uliomfunga nepi siku ya kwanza ndio uliomfunga sanda siku ya mwisho. Hakuishi baada ya hapo illa siku chache, akafariki. Mwenyezi Mungu amwie radhi.

Nani basi atakayesema mbele ya mkono ule kwamba kazi ya maiti ni kazi duni?

Wala si Bibi Asma peke yake. Bibi Umm Atiyya, mwanamke wa Kiansari, alitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) katika vita saba, akiwapikia watu na kuwatazama wagonjwa. Na alipofariki Bibi Zainabu binti wa Mtume, huyu alikuwamo katika waliomwosha, na Mtume mwenyewe akawafundisha: waanze kwa upande wa kuume na kwa viungo vya udhu, waoshe kwa idadi ya witri, mara tatu au tano au zaidi wakiona haja, kwa maji na majani ya mkunazi, na katika josho la mwisho watie kafuri. Wakazisuka nywele zake misuko mitatu. Walipokwisha, Mtume akawapa shuka yake mwenyewe, wakamvika mwilini ndani ya sanda. Baadaye Umm Atiyya akaenda kukaa Basra, na wanachuoni wa huko wakajifunza kwake namna ya kuosha maiti. Fahamuni hayo: wanaume wenye vilemba vya ilimu walikwenda kujifunza kwa mwosha. Na mimi mwosha alinijia mlangoni, nikampelekea fedha.

Na khabari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume mnaijua. Alikufa, masahaba wakaona jambo lake ni dogo, wakamzika bila kumpa Mtume khabari. Mtume akamkosa, akamwulizia, akaambiwa amekufa. Akawalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akalisalia. Hatukuhifadhiwa khabari za mali yake wala za ukoo wake. Tumehifadhiwa ufagio wake. Mtume wetu alikuwa mtu wa kumkosa mfagiaji. Na sisi je, tuliwahi kumkosa nani?

Basi sikilizeni hukumu, kwani jambo hili si la hiari kama tunavyolichukua. Kumwosha maiti wa Kiislamu, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakifanya wachache, wote wamesalimika, wasipofanya, wote wajuao na wawezao wana dhambi. Maiti wa kike huoshwa na wanawake, na mumewe ana ruhusa ya kumwosha, kama Sayyidna Ali alivyopokewa kuwa alimwosha Bibi Fatma. Ikiwa hapana illa wanaume wa kando, katika madhehebu yetu ya Shafii hutayamamishwa bila kuoshwa. Je, mnaridhia mama zenu, katikati ya mji uliojaa Waislamu na visima na mifereji ya maji, wazikwe kwa tayamamu kama msafiri aliyekufa jangwani, kwa kuwa sisi tumeona haya watoto wetu kuitwa waosha?

Na kazi yenyewe si ngumu kujifunza kwa mwenye kufundishwa. Ni kumsitiri maiti kwa nguo tangu mwanzo hatta mwisho, mwosha kuvaa kitambaa mkononi, kulisugua tumbo polepole kutoa kilichomo, kumtawadhisha, kuyaeneza maji mwili mzima, kuume kisha kushoto, kisha kumkausha na kumkafini, na mwanamke sanda yake kamili ni nguo tano: kikoi, kanzu, ukaya, na shuka mbili. Na lililo kubwa kuliko yote ni amana: akiona jema alitaje, na akiona baya alizike pamoja na maiti. Mama yetu yule aliwaosha wanawake wa mtaa mzima kwa miaka arubaini, wala hatukupata kusikia hatta siku moja neno la aibu la maiti yeyote likitoka kwake. Siri za nyumba zetu zote amekwenda nazo kaburini.

Kwa hayo nawausia, na kabla yenu naiusia nafsi yangu, mambo manne.

La kwanza, mwenye mama aliye hai na aende kwake leo kabla ya jua kuchwa, wala asiende na fedha peke yake. Akae naye. Mwenyezi Mungu katika Sura Luqman ametuusia wazazi wawili, kisha akataja kazi ya mama peke yake, mimba yake na udhaifu wake na kunyonyesha kwake. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa nani ana haki zaidi ya usuhuba mwema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba.

La pili, mwenye mama aliyekufa na amwombee, amtolee sadaka, na awaunge rafiki zake. Vizee waliokuwa wakikaa naye uani wengine wako hai, nao wanajua mtoto wa nani amewasahau.

La tatu, kila msikiti na uchague wanawake watano au sita, vijana kwa wazee, wajifunze kuosha na kukafini kwa mwenye kujua, na waume zao na baba zao wawape ruhusa kwa moyo mweupe. Na gharama za sanda, pamba, sabuni na kafuri ziwe katika fungu la msikiti, zisiwe katika kikapu cha mjane auzaye maandazi.

La nne, tusingoje mtu afe ndipo tumsifu. Siku ya khitima yake tulimsifu mama yule hatta machozi yakatutoka, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema sana. Lakini alipokuwa hai alikuja mlangoni kwangu na haja moja tu, nami nikamnyima.

Binti yangu sasa anakwenda kila Jumatano mtaa wa pili kwa yule bibi aliyekuja kumwosha mama yetu, naye anafundishwa. Nimeandika hili si kwa kujisifu, kwani ni deni nililolipa baada ya mwenye kudai kuondoka. Nimeliandika ili yule atakayekuja kumposa alijue tangu sasa, na akiona ni aibu, asibishe hodi kwangu.

Ewe Mola wetu, warehemu mama zetu kama walivyotulea wadogo. Wasamehe walio kaburini, na uwape afya waliobaki. Mrehemu mja wako yule aliyewatwaharisha wafu wetu. Mtwaharishe na madhambi yake kama alivyoitwaharisha miili yao, na umsitiri Siku ya Kiyama kama alivyowasitiri. Na utuamshe sisi katika kughafilika kwetu kabla hatujalazwa juu ya ubao wa kuoshewa, tusiweze tena kujiosha wenyewe. Amin. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Walhamdulillahi Rabbil-alamin.